Amri ya Kila Mtu na Kinywa Chake

Hapo zamani, enzi za Sultani Hashili, palikuwa na shamba kubwa la bangi nyuma ya kasri. Bangi hiyo haikuwa ya wavutaji, bali ya tabibu, aliyeipika kwa samli akapata dawa ya kuchua miguu ya Sultani, maana ilikuwa ikimuuma vibaya. Vibarua waliivuna, wakaianika katika banda lisilo na dirisha hata moja, ili jua lisiharibu majani. Vumbi likawakaba, wakakohoa, hata siku moja Tatu binti Kheri akazimia humo, akatolewa hana fahamu.

Shoga yake Mize, fukara aliyedhaniwa punguani kwa kuwa alishika kila neno kama lilivyosemwa, akaketi naye mpaka alipofumbua macho. Kisha vibarua wote wakamtuma Mize akaombe madirisha.

"Bwana wangu," akasema mbele ya Sultani, "nimekuja kwa niaba ya wenzangu, kuomba madirisha ya banda."

Sultani akakunja uso. "Leo mmoja awaombee wote madirisha, kesho mtaniomba kiti changu! Tangu sasa ni marufuku mtu kumsemea mwenzake. Kila mtu na kinywa chake, na atakayevunja amri hii atafungwa."

"Ni kwa vibarua tu, Bwana, au kwa watu wote?"

"Watu wote. Amri yangu haina mkubwa wala mdogo."

"Nimesikia na nimetii," akasema Mize, akaenda zake.

Asubuhi yake msimamizi akaja shambani akipaza sauti: "Sultani anasema mwanze kukata! Bangi imekomaa, na mvua hiyo yaja."

"Nani anasema?" akauliza Mize.

"Sultani!"

"Mbona twasikia kinywa chako? Kaka yangu, wamsemea Sultani? Kimbia, usije ukafungwa."

Msimamizi akatafakari, akaenda kumwita Waziri. Waziri akaja juu ya punda, akaanza, "Bwana wetu amesema..." kisha akakumbuka gereza, akamgeuza punda.

Basi ikawa hapana budi Sultani aje mwenyewe, amebebwa kitini, amefura kwa hasira. "Kateni!" akanguruma.

Mize akaanza kukata. Wengine wakakaa vile vile.

"Na hao je?"

"Wako mbali, Bwana, hawakusikia. Ningewaambia, lakini nitakuwa nimekusemea."

Kiti hakikuweza kupita kati ya mimea, basi Sultani akashuka, akachechemea mstari kwa mstari: "Kata wewe. Nawe kata." Akafika bandani, kwenye giza na kikohozi, akaingia ili awaamrishe waliomo. Vumbi likamkaba kabla hajamaliza neno. Akatoka machozi yakimtiririka, akaegemea ukuta.

"Pole, Bwana," akasema Tatu, akampa maji.

Sultani akanywa. "Haya, semeni mwataka nini!"

Wakasema wote kwa pamoja, kila mtu na kinywa chake, hata kunguru wakaruka mitini.

"Nyamazeni! Mmoja wenu awasemee!"

Hakuna aliyesogea.

"Bwana," akasema Mize taratibu, "kuna kifungo."

Sultani akamtazama Waziri, Waziri akamtazama punda.

"Naifuta amri," akasema Sultani hatimaye. "Tangu leo watu wa shamba hili watajichagulia msemaji, wala sitaamua jambo lao bila kukaa naye tukaafikiana."

Wakamchagua Mize. Madirisha yakatobolewa, yakawekewa vifuniko vya makuti, na bangi ikavunwa kabla ya mvua.

Kisha Sultani akamwita Mize peke yake, akamwekea mbele bangili ya dhahabu. "Chukua. Ila madai mengine sitaki kuyasikia."

Mize hakuwahi kushika dhahabu maishani. Akaipima mkononi, ikamvutia kweli, akairudisha. "Ahsante, Bwana. Hilo siwezi kulijibu peke yangu. Ngoja nikawaulize wenzangu."

Sultani akacheka hata akashika magoti. "Kawaulize! Na bangili ni yako, hata wakikataa."

Mize akaivaa, akaenda kuwauliza, nao wakakataa.