Kiti cha Babu Yake Semboja

Bwana Semboja, aliyeezeka makumbusho ya mji kwa mabati yake, aliingia akielekeza bakora kwenye kiti kifupi chenye nakshi.

"Andika hiki ni kiti cha enzi cha babu yangu. Babu alikuwa jumbe, si mpishi wa jumbe kama mnavyosengenya. Ukikataa, naezua mabati yangu."

Bi Mwanakombo, mwandishi wa maelezo ya makumbusho, alishika kalamu kwa adabu zote. "Nikatae vipi, Bwana? Alikuwa akikikalia mara nyingi?"

"Kila siku, asubuhi na jioni! Hakuna mwingine aliyethubutu."

"Na hili tundu la mbele?"

Bwana Semboja, ambaye hakuwahi kukanyaga jikoni tangu azaliwe, alilikodolea macho. "La kuchomekea bendera yake."

Bi Mwanakombo aliandika yote, Bwana Semboja akatia sahihi.

Siku ya ufunguzi mji mzima ulifurika. Bwana Semboja aliyasoma maelezo mwenyewe, kwa sauti, neno kwa neno, akapigiwa makofi.

"Kimebaki kitu kimoja," alisema Bi Mwanakombo. "Ile bendera tumeipata stoo."

Akafungua pindo la kanga, akatoa chuma kipana chenye meno, akakichomeka tunduni. Kikakaa barabara.

"Mbuzi ya kukunia nazi!" wanawake walipiga kelele.

Bwana Semboja aliyarukia maelezo ayabandue, lakini bibi mmoja alikuwa ameshayakariri.

"Kila siku, asubuhi na jioni!" alisema akijifuta machozi ya kicheko. "Ndiyo maana wali wa jumbe haukukosa tui."