Maiki Moja Harusini kwa Firdausi

Mwenye nia ya kulima hulima kwa jembe alilonalo. Yule anayezunguka akitafuta lenye mpini mzuri, masika humkuta shamba lake likiwa pori. Ndiyo maana ya kusema kuwa mchagua jembe si mkulima, na Hashimu wa Kasulu aliijua maana hiyo kwa jasho lake.

Hashimu alikuwa mpiga tarumbeta na kiongozi wa bendi iliyopiga ska, ule muziki wa Jamaika ambao gitaa hudonoadonoa kama kuku penye mtama huku tarumbeta zikipaa juu yake. Wapulizaji walikuwa watatu: yeye; mzee Kipriani, tabibu mstaafu, kwenye saksafoni; na Yasmini, muuza vitambaa aliyejifunza tromboni katika bendi ya Jeshi la Kujenga Taifa. Yasmini hakuwa msemaji sana.

Mwezi Juni walialikwa kwenye mahafali huko Titye, mambo yakaenda mrama. Kila mpulizaji aliingiza maiki yake mdomoni mwa chombo na kupuliza kwa nguvu zake zote. Spika zikabweka kama mbwa aliyekanyagwa mkia. Watoto wakaziba masikio, wazazi wakacheka hadi machozi. Habari mbaya haina miguu lakini ina mbio. Kabla ya wiki kwisha ilikwishafika Kibondo, alikokuwa akiolewa Firdausi, dada yake Hashimu.

"Kaka," Firdausi alimwambia kwa simu, "huku ukweni wanasema bora waweke muziki wa kwenye simu. Nimewaambia utakuja, maana uliniahidi tangu tukiwa wadogo. Usiniaibishe."

Maneno hayo yalimchoma Hashimu kama mkuki. Akaagiza kutoka Dar es Salaam maiki tatu za kubana kwenye tarumbeta, kama alizoziona kwenye video. Wiki ikapita, ya pili ikafuata, mzigo haukuonekana.

"Bila maiki mpya hatuendi," aliwaambia wenzake.

Yasmini akamjibu. "Kaka Hashimu, maiki haina kosa. Inarudisha kile tunachoipa. Kesho asubuhi njooni stoo ya baba. Maiki ziacheni."

Stoo ilijaa majora ya vitenge. Yasmini aliwataka kwanza waimbe sehemu zao kwa mdomo, kisha wavute pumzi pamoja, ndipo wapulize. Kipande kifupi kama salamu walikirudia siku mbili.

"Kuanza tunajua," alisema. "Tatizo letu ni kumaliza. Kila mmoja anafunga mlango wake kwa wakati wake."

Hashimu alipandwa na hasira. "Mimi si mwanafunzi!"

"Mwanangu," mzee Kipriani akasema akifuta mdomo wa saksafoni, "nina miaka sitini na saba, na jana ndiyo nimejua kuvuta pumzi. Puliza."

Wakapuliza wote. Safari hii sauti tatu zilianza pamoja, zikavimba pamoja, zikakatika pamoja kama uzi mmoja uliokatwa kwa mkasi. Hashimu alisisimkwa mwili. Miaka yote hiyo hakuwahi kuisikia bendi yake mwenyewe.

Hapo ndipo Yasmini alipoileta maiki moja kuukuu. Akaisimamisha hatua mbili mbele yao, mzee Kipriani akiwa karibu nayo, Hashimu nyuma kabisa. Mwenye kupiga peke yake angesogea, kisha arudi.

"Nyuma? Mimi kiongozi?"

"Tarumbeta yako inafika Kabanga bila msaada, kaka," Yasmini akajibu, na wote wakacheka, Hashimu naye.

Siku ya harusi walifika asubuhi Kumsenga, huko Kibondo. "Mwakeye!" wakwe waliwaamkia kwa Kiha, lakini macho yao yalikuwa na mashaka. Fundi mitambo, Pasikali, akafungua sanduku. Ndani zilimeta maiki mpya za kubana kwenye tarumbeta, za aina ile ile Hashimu aliyokuwa akiiota.

"Chagua, kaka."

Hashimu aliishika moja. Akamtazama Yasmini, aliyekuwa ameinamia tromboni yake. Hashimu akairudisha sandukuni.

"Nipe moja tu, ya kusimamisha. Na spika zako zisogeze mbele yetu, maiki isizisikie."

Pasikali alitikisa kichwa, wageni wakakonyezana. Lakini Firdausi alipotokea mlangoni, wapulizaji watatu walivuta pumzi moja. Sauti ikatoka nene na tamu kama asali ya nyuki wadogo, gitaa likidonoa chini yake. Bibi harusi akasimama, machozi yakamlengalenga, kisha akaingia akicheza. Bibi yake bwana harusi akatupa mkongojo kwa mjukuu wake na kumfuata.

Mama mkwe wa Firdausi alimjia Hashimu akihema. "Baba, mmetumia maiki ngapi?"

"Moja, mama. Na mwalimu mmoja." Akamsogeza Yasmini mbele, wageni wakampigia vigelegele hadi akaficha uso kwa mtandio.

Wapulizaji walikuwa wale wale na vyombo vile vile. Kilichobadilika ni kazi waliyoifanya. Hakika, mchagua jembe si mkulima.