Sikukuu Njema, Mzee Mbwilo

Sogeeni, sogeeni karibu. Mlioko nyuma karibu na mlango, njooni huku mbele, baridi ya leo haichagui mtu. Mwenye blanketi amfunike na mwenzake. Leo nitaanza na habari ya mama mmoja, ndipo tufungue Neno. Nadhani mkishamsikia mtaniruhusu nisiseme mengi.

Kulikuwa na mama mmoja katika usharika niliohudumu kabla ya kuja hapa kwenu. Huko ni juu zaidi ya hapa. Mwezi wa saba ukiamka alfajiri unakuta nyasi nyeupe, maji ya ndoo yameshika barafu, na majani ya viazi yameungua kana kwamba mtu kayamwagia maji ya moto. Mama huyo tulimwita Mama Tumpe. Alikuwa mjane, mwenyekiti wa akina mama, na sauti yake ndiyo iliyoongoza kwaya. Mwanamke mrefu, shingo imenyooka, akiingia kanisani hata watoto wanaosukumana wanakaa vizuri. Kila Jumapili ya Sikukuu ya Mavuno yeye ndiye aliyebeba kikapu cha kwanza mpaka madhabahuni. Hakuna aliyeuliza kwa nini yeye. Ilikuwa hivyo tu.

Jirani yake, ua kwa ua, alikuwa Mzee Mbwilo. Huyu hakubatizwa. Babu yake hakubatizwa, baba yake hakubatizwa, naye alisema haoni sababu ya kuwaacha. Kila mwaka baridi inapokuwa kali, siku chache kabla ya Mavuno yetu, ukoo wake ulikusanyika kwenye makaburi nyuma ya nyumba, wakatambika. Waliwashukuru wazee wao kwa chakula cha mwaka, wakapiga ngoma, wakala, wakaimba. Ilikuwa sikukuu yao, kama Mavuno yalivyo sikukuu yetu.

Sasa sikilizeni tulivyoishi nao. Asubuhi ya Mavuno, kabla kengele haijalia, Mzee Mbwilo alivaa koti lake zito, akaenda mpaka kwenye lango la Mama Tumpe, akavua kofia na kusema, "Mama, sikukuu njema. Nendeni mkamshukuru Mungu wenu, mrudi salama." Kisha huyo, anarudi kwake. Miaka kumi na tisa alifanya hivyo. Hakuruka hata mwaka mmoja, hata ule mwaka alioumia mguu alikuja na fimbo.

Na siku ya tambiko lake, sisi tulifanya nini? Tulifunga madirisha. Aliyelazimika kupita njia ile alipita mbio, na wengine waliimba pambio kwa nguvu ili wasisikie ngoma. Mama Tumpe naye alifunga madirisha yake. Msidhani nawasimulia habari za malaika.

Ikafika mwaka mmoja, watoto wa Mzee Mbwilo hawakuja. Wote watatu walikuwa wamebatizwa mjini, wakatuma ujumbe kwamba hawawezi tena kukanyaga kwenye mambo ya giza. Siku ya tambiko, saa nne asubuhi, Mama Tumpe alikwenda kufunga dirisha kama kawaida. Akamwona mzee amesimama nje ya lango lake, amejitanda shuka safi, anaangalia barabara. Anaangalia juu, anaangalia chini. Hakuna mtu, hata ndugu zake wa ukoo bado hawajafika. Nyuma yake mkewe anachochea moto chini ya masufuria yaliyopikiwa watu arobaini.

Mama Tumpe aliniambia baadaye, "Mchungaji, nilishika komeo, mkono ukakataa. Nikajiuliza, hivi mimi naogopa nini? Bwana wangu ni dhaifu kiasi gani, hata moshi wa jirani unipokonye mikononi mwake?"

Mmesikia swali hilo? Nami nawauliza ninyi. Ni dhaifu kiasi gani?

Mama Tumpe akachukua khanga yake nzuri, ile ya kuvaa kanisani. Hakupita njia ya nyuma. Alipita barabarani, mchana kweupe, watu wanamwona.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama." Mzee alishtuka. "Kuna msiba?"

Fikirini hapo, ndugu zangu. Akimwona Mkristo anakuja kwake siku kama ile, kitu cha kwanza anachowaza ni kwamba kuna mtu amekufa.

"Hakuna msiba. Nimekuja kukutakia sikukuu njema."

Mzee akamtazama kama mtu anayetafuta mzaha usoni mwa mwenzake asiuone. "Sikukuu ipi, mama? Mavuno yenu ni Jumapili."

"Sikukuu yako, baba. Najua leo ni siku kubwa kwako. Siwezi kutambika pamoja nawe, mimi namwomba Yesu peke yake, na hapa nilipo mbele yako nalitaja jina lake bila kuona haya. Ila wewe ni jirani yangu. Heri ya leo, wewe na nyumba yako. Na watoto wako, Mungu awakumbushe njia ya nyumbani."

Mzee aligeuka akaita, "Mama watoto! Toka nje uje usikie!"

Walimwekea kigoda karibu na moto. Na hapa ndipo mama huyu alipopata somo ambalo mimi, na vyeti vyangu vya chuo cha theolojia, sikuwa nimelipata. Mke wa mzee alileta sahani ya viazi na kikombe cha chai. Mama Tumpe akasita. Alijua sufuria zile zimeombewa nini, akawa anatafuta namna ya kukataa asimdhalilishe mwenye nyumba. Kabla hajafungua mdomo, mzee akamwambia, "Kula, mama. Hivi havikupelekwa kule makaburini. Vimechemshwa jikoni, pembeni. Ninyi hamli cha kule, tunajua. Kila mwaka tunachemsha vyenu pembeni, labda siku moja mmoja wenu atapita."

Kila mwaka, jamani! Kila mwaka sisi tunafunga madirisha, na upande wa pili wa ua kuna sufuria yetu, imetengwa kwa heshima ya imani yetu. Tuliwaita wapagani. Tulikuwa hatujawahi hata kujua kwamba wametupikia.

Mama akala viazi vyake, akanywa chai, akashukuru, akaaga kabla ngoma haijaanza. Akarudi kwake barabarani vilevile alivyokwenda.

Mnadhani habari ilichukua muda gani kufika kanisani? Jioni ileile nilikuwa nayo. Jumamosi baraza la wazee likakaa, mimi nikiwa mwenyekiti. Msemaji alikuwa mzee wa kanisa mmoja, fundi aliyepaua kanisa lile kwa mikono yake bila kuomba hata chai. Mtu wa Mungu kweli, siwezi kumsema vibaya. Lakini alikuwa amekasirika.

"Mwenyekiti wa akina mama ameonekana kwenye tambiko," alisema. "Amekaa, amekula. Kesho atashikaje kikapu cha Bwana kwa mikono hiyo? Mama Tumpe, huoni aibu?"

Mama Tumpe alisimama. Mimi nilitegemea machozi, maana wengi wakiitwa mbele ya baraza hulia. Hakulia. Alinyoosha shingo ile mnayoijua sasa, akasema, "Aibu ya nini, baba? Nimekaa kwenye ua wa Mzee Mbwilo nikiwa Mkristo, na nimeondoka Mkristo. Nimelitaja jina la Bwana wangu palepale, siku ya tambiko lake, na hakunifukuza, amenipa kiti. Tumeishi na mzee huyu miaka yote. Nani kati yenu amewahi kulitaja jina hilo nyumbani kwake? Ningependa kumjua, nimpe mkono."

Kimya. Wazee wanaangalia viatu vyao.

Lakini kimya si haki. Ilipofika kupiga kura, ikaamuliwa kwamba Mama Tumpe asibebe kikapu kesho, akae nyuma kwanza, mambo yatulie. Mikono ikainuliwa. Na mimi mchungaji wenu, ninayesimama hapa leo na joho langu, niliinua mkono. Niliogopa. Niliogopa watu watasema mchungaji anatetea matambiko. Yule mama alikuwa peke yake mle ndani mwenye fahari ya kweli kwa imani yake, nasi tulimhukumu.

Jumapili ikafika. Baridi ya kuuma masikio. Kanisa limejaa viazi, mahindi, kabichi, kuku wamefungwa miguu. Mama Tumpe amekaa benchi la mwisho, amevaa vizuri kuliko sisi sote. Kwaya imeanza wimbo na wimbo hauendi, maana sauti inayouongoza iko nyuma na imenyamaza. Mara mlango ukafunguka.

Ni Mzee Mbwilo. Koti lake zito, kofia mkononi. Kila mwaka salamu yake iliishia langoni kwa jirani yake, mwaka huu ameileta mpaka kanisani. Hakuingia. Alisimama nje ya kizingiti, akahakikisha mguu wake haupiti mstari wa mlango. Kwaya ikakatika. Nikaona fundi wetu anainuka kwenye kiti chake, na moyoni nikasema, leo kuna ugomvi.

Mzee akasema, "Samahani kwa kukatisha ibada yenu. Sitakaa. Nimesikia mama huyu amepewa adhabu kwa sababu alinisalimu. Sijui sheria zenu. Lakini kama salamu ni kosa, basi mimi nimekosa miaka kumi na tisa, na nyumbani kwangu hakuna aliyenishtaki. Wazee wangu hawakunikasirikia. Walijua mimi ni wao." Akatuangalia wote, akamalizia kama alivyozoea. "Sikukuu njema. Mshukuruni Mungu wenu. Mbaki salama."

Akavaa kofia yake, akaenda zake.

Ndugu zangu, nimesikia mahubiri mengi maishani, na mengine nimehubiri mwenyewe. Lakini mahubiri kama yale sijawahi kuyasikia. Walijua mimi ni wao! Je, Kristo hatujui sisi kuwa ni wake? Hana uhakika nasi, kiasi kwamba tukimwambia jirani "sikukuu njema" atadhani tumehama?

Fundi akatoka. Alitoka mbio, mzee mzima, hana hata koti. Dirishani tukamwona anamfikia Mzee Mbwilo barabarani. Waliyosema hatukuyasikia. Tulichoona ni fundi ameinamisha kichwa, kisha mikono miwili imeshika mikono miwili, na pumzi zao zinatoka nyeupe kwenye baridi. Walisimama muda mrefu. Aliporudi, meno yanagongana, alikwenda moja kwa moja mbele, akachukua kikapu cha kwanza, akakipeleka mpaka benchi la mwisho. Akamwambia, "Mama, nisamehe. Kipeleke wewe."

Nami nikashuka madhabahuni, nikasema mbele ya wote kwamba mkono wangu ulikuwa mmoja wa ile iliyoinuliwa, nikamwomba radhi. Mama Tumpe alitushika mikono mimi na fundi, akainuka, akajitwika kikapu, akaanza wimbo mwenyewe akiwa anatembea. Lo! Laiti mngekuwapo. Paa lile fundi alilolipiga misumari, nilidhani litang'oka.

Mtaniuliza, "Mchungaji, Mzee Mbwilo aliokoka?" Najua mnataka niseme ndiyo. Hapana. Mpaka nahama alikuwa anatambika, na nasikia bado anatambika. Watoto wake wawili wameanza kurudi nyumbani kila mwezi wa saba, hawatambiki, wanakaa jikoni na mama yao na wanakula viazi vilivyochemshwa pembeni. Mengine ni kazi ya Mungu, simsaidii kuhesabu.

Sasa tuje kwetu, sisi tuliokaa hapa. Tuna fahari na imani yetu, au tunaiogopea? Mtu anayejua yeye ni wa nani hasalimii kwa kunong'ona, wala hapiti mbio mbele ya mlango wa mwenzake. Anasimama. Anasema mimi ni Mkristo, siwezi kula hiki, siwezi kuomba hivi, na heri ya sikukuu yako, jirani yangu. Hapo amepoteza nini? Kuna siku nimejivunia sana waumini wangu, lakini sijawahi kujivunia mtu kama nilivyojivunia mama yule niliposikia alivyotoka kwenye ua wa Mzee Mbwilo, na aibu yangu ni kwamba nilichelewa siku tatu kulisema.

Hapa kwetu pia nyumba hiyo ipo. Mnaijua, ng'ambo ya kijito, na tangu juzi mmeona wageni wao wanafika na mizigo. Sikukuu yao ni Alhamisi. Nimeulizia jina la mwenye nyumba, maana nilipowauliza ninyi, wazee watatu wa kanisa hili hawakulijua. Alhamisi saa nne nitakuwa njiani kwenda kumsalimu, nimevaa kola yangu ya kichungaji. Anayeona fahari kuwa Mkristo, tukutane darajani.