Ngiri Aliyejua Kupiga Kote

Jamani, niwape nisiwape?
— Tupe!
Ya jana au ya zamani?
— Ya zamani sana!

Haya. Zamani sana jua liliwaka, mito ikakauka, likabaki dimbwi moja tu. Ngiri akalala ndani yake, tope mpaka masikioni. Akija Paa, Ngiri anafoka, "Dimbwi langu! Nitakupiga!" Paa huyo, anarudi na kiu yake. Akija Kanga, "Dimbwi langu! Nitakupiga!" Kanga huyo, anarudi na kiu yake.

Siku moja akaja Mama Sange, mdogo kama panya, pua ndefu kama mrija. Watoto wake wamelala kivulini, hata kulia hawawezi tena.

"Dimbwi langu! Nitakupiga!"

Mama Sange hakurudi. "Utanipiga nini, mzee?"

"Nini, nini? Nitakupiga tu!"

"Nauliza kwa sababu kupiga kuko kwingi. Wewe unajua kupi?"

Ngiri hakuwahi kuulizwa hivyo. "Najua kote!"

"Hata kupiga magoti?"

Ngiri akapiga magoti, tii!

"Hata kupiga mluzi?"

Ngiri akavuta pumzi. Fyuu-prrr! Tope likaruka.

"Lo! Hata kupiga hodi?"

Ngiri akasita. "Hodi inapigwaje?"

"Unagonga kwa watu, unangoja wakuitikie. Jaribu kwenye kichuguu kile, kule kilimani."

Ngiri akatoka dimbwini, puku puku puku, akagonga kwa kichwa: gu! gu! gu! "Hodi!"

Wenyewe walikuwemo. Nyuki. Zzzzzz!

Ngiri akifukuzwa huko na huko, Mama Sange akawaita wote. Paa akanywa, Kanga akanywa, watoto wakanywa, glu glu glu, macho yakawafunguka. Likabaki tope.

Ngiri akarudi, pua imevimba kama kiazi. Akatazama dimbwi. Akasimama, mdomo wazi.

"Pole, mzee," Mama Sange akasema kwa mbali. "Umepigwa na butwaa."

"Nimepigwa? Mimi? Butwaa ndiye nani?"

"Sura yake siijui. Ila huwapiga hata wakubwa."

"Anakaa wapi?"

"Nasikia ni mbali."

Ngiri akainua mkia, akapiga mbio. Mpaka leo ukimwona anakimbia mkia juu, anamtafuta Butwaa.

Ngano yangu imechoka, imeketi. Na funzo lake, watoto: mkubwa akisema atakupiga, nyamaza. Maswali hayajamsaidia mtu.