Mifupa ya Asta na Kiti cha Dirishani

Hapo zamani, na msidhani nasema zamani za sungura kumlaghai fisi, ni zamani za juzijuzi tu, simu zilikuwa hizi hizi mlizozificha mifukoni, binti mmoja wa Lushoto aliyeitwa Zaituni Shemweta alikwenda ng'ambo kusomea mifupa. Ndiyo, mifupa ya watu. Mnaguna? Hata shangazi zake waliguna. Iko elimu inayoitwa anthropolojia ya uchunguzi. Mtu akiokotwa mifupa mitupu, sura haipo, jina halipo, wasomi wa elimu hiyo huisoma ile mifupa mpaka waseme huyu alikuwa nani, ili ndugu zake wamzike wapumzike. Zaituni alikuwa akiisomea shahada ya uzamili, katika nchi moja ya theluji ambayo hata jua lake ni la kuazima.

Katika maabara yao, meza ya Zaituni ilikuwa meza ya wageni. Walikuwa watatu: yeye, Batbayar, kijana mpole wa Mongolia, na Yesenia wa Peru, ambaye hata akinyamaza mikono yake iliendelea kuongea. Mwalimu wao, Profesa Solveig, alikuwa na kiti kimoja cha msaidizi, pale dirishani. Anayekikalia hulipiwa masomo mpaka amalize. Na wote watatu udhamini wao ulikuwa unakatika mwisho wa mwaka ule wa masomo. Asiyekipata angerudi kwao na nusu ya elimu, na nusu ya elimu ya mifupa, jamani, utaipeleka ofisi gani?

Basi polisi wakaleta sanduku la mifupa iliyookotwa korongoni, mlimani. Profesa akawakabidhi wale watatu, akasema, "Atakayeirudishia mifupa hii jina, kiti ni chake."

Zaituni, kabla ya kufunua, akagonga kifuniko akasema hodi. Akangoja kidogo. Wenzake wakacheka. Akawaambia kwao mtu hajiingilii tu kwa mwenzake, na humu ndani mna mtu. Tangu siku hiyo nao wakawa wanabisha hodi, Batbayar kwa sauti ya chini, Yesenia kwa vidole vyote kumi.

Wakaipanga mifupa mezani kama mtu aliyelala chali. Ikapangika vizuri, ila kiganja kimoja kikazidi. Kiganja kizima, cha vidole vifupi vinene. Zaituni akakisafisha kwa brashi, akakipapasa, akakionea huruma. "Pole, baba," akakiambia, maana alishaamua kuwa ni cha mwanamume wa kazi ngumu. Wakatoa taarifa kwamba korongoni walikufa watu wawili. Polisi wakaanza kutafuta watu wawili waliopotea pamoja. Wakatafuta tangu majani yanapukutika mpaka theluji ikaanza kuyeyuka, wasipate.

Ndipo Batbayar akakohoa. Akasema kiganja kile si cha mtu. Ni cha dubu, kucha zimepotea, na dubu akikosa kucha mkono wake hufanana sana na wa binadamu. Kwao watoto huchezea vifundo vya kondoo kama huku wanavyochezea kete, kwa hiyo mifupa ya wanyama aliizoea tangu hajang'oa meno ya utoto. Profesa akakipima kile kiganja, akakipiga eksirei. Kweli, dubu. Maabara nzima ikamgeukia Zaituni, aliyekuwa akimpa dubu pole msimu mzima, na yeye mwenyewe akacheka mpaka akakaa sakafuni.

Yesenia hakucheka sana. Akamuuliza Batbayar amejua tangu lini.

"Tangu siku ya kwanza," Batbayar akajibu. "Lakini dada Zaituni alikuwa anamwombolezea. Niliona haya kumkatiza."

Haya, akabaki marehemu mmoja. Polisi wakasema huyo atakuwa mtalii, mpanda milima aliyeteleza. Wakamtafuta miongoni mwa watalii waliopotea. Wapi!

Zaituni naye hakuridhika. Akarudi mezani, akabisha hodi yake, akavichukua vifundo vya miguu. Mbele ya mfupa wa muundi, pale unapokutana na wayo, palikuwa na alama ndogo laini kama palipopigwa msasa. Alama ile huachwa na kuchuchumaa, siku baada ya siku, maisha mazima. Nchi ile watu hukaa vitini tangu wakiwa wachanga, ni wachache mno wenye nayo. Zaituni alama aliisoma kitabuni, lakini mchuchumao wenyewe aliusomea jikoni kwa bibi yake, mbele ya mafiga, akipuliza moto. Profesa akaingiwa na shaka. Zaituni akamwomba, kwa adabu, achuchumae. Profesa akachuchumaa na heshima zake zote, akashindwa kuinuka, ikabidi wamnyanyue kwa makwapa.

"Nimeelewa," akasema akijipangusa magoti. "Huyu hakuwa mtalii. Alikuwa na kazi yake ya kuchuchumaa."

Kazi gani? Hapo hakuna aliyejua, hata Profesa mwenye nchi yake. Basi Yesenia akavaa koti, akapanda basi mpaka vijiji vya mlimani. Akakaa na wazee, akanywa maziwa mgando yenye harufu ya beberu, akasifu, akaongezewa, akanywa tena. Kwa adhabu hiyo wakamfungulia mioyo. Wakamwambia zamani wasichana walikama mbuzi kule juu malishoni kwa kuchuchumaa, maana nani abebe kigoda mlimani kote huko? Na ajuza wa nyumba ya mwisho, Bi Ragna, alikuwa na dada yake mkamaji, Asta. Asta alimfuata mbuzi aliyepotea. Mbuzi akarudi, Asta hakurudi.

Yesenia akaenda nyumba ya mwisho, akamkumbatia Bi Ragna, akamwambia, "Mama, tumempata dada yako."

Hapo alivunja mwiko mkubwa wa kazi ile. Mwanafunzi hamwambii mfiwa neno kabla ya hakika. Maskini Bi Ragna akawa hali, halali, anangoja majibu ya vinasaba. Je, angekuwa siye? Lakini mate yake yalipopimwa na mfupa ukapimwa, vikaafikiana. Alikuwa Asta.

Asta akazikwa kwao, kengele za mbuzi zinalia mlimani. Baada ya maziko Bi Ragna akaja maabara na jibini alilolitengeneza mwenyewe. Akaisimulia meza habari za dada yake, akalia. Akasimuliwa habari za dubu, akacheka huku machozi hayajakauka. Akasema Asta alikuwa mwoga wa dubu kuliko wasichana wote wa mlimani, kumbe miaka yote wamelala jirani bila ugomvi. Kisha akakata jibini vipande vitatu sawasawa, kila mgeni chake.

Jibini hugawanyika. Kiti hakigawanyiki. Profesa akawaambia kila mmoja aseme lake.

Batbayar akasema, "Bila mimi mngekuwa mpaka leo mnamtafutia dubu ndugu zake."

Yesenia akasema, "Bila mimi mngejua alichuchumaa, basi. Mifupa ukiiuliza jina haijibu. Wanaojibu ni watu."

Zaituni akakitazama kiti kile. Alikitaka kuliko kitu chochote. Akasema, "Bila mimi, Yesenia angepanda basi kwenda kumuulizia nani?"

Profesa akawasikiliza, akatikisa kichwa. Akasema kila mmoja anasema kweli, na kila mmoja ana doa. Batbayar alijua akanyamaza, theluji ikaanguka mpaka ikayeyuka. Yesenia alimwaga tumaini kabla halijaiva. Na Zaituni, kwa huruma zake, alimfanya marehemu mmoja kuwa wawili. Akaomba usiku mmoja wa kufikiri.

Zaituni akapiga simu nyumbani, akasimulia yote bila kujipendelea. Bibi yake akasema kiti apewe Yesenia, kwa kuwa msiba wa Bi Ragna ulikuwa umekwama na yeye ndiye aliyeukwamua. Mjomba akasema apewe Batbayar, kwani jengo likianza kwenda upande, sharti mtu aseme, hata akichelewa. Mama yake akauliza kama bado amebakiza kipande cha jibini. Wa nyumba yake hata mmoja hakumtaja yeye! Zaituni akakata simu akicheka.

Asubuhi Profesa Solveig akakivuta kile kiti kutoka dirishani, akakiweka katikati ya maabara. Wale watatu wakasimama mbele yake. Aliyejua akachelewa kusema. Aliyesema kabla ya kujua. Na aliyempa dubu pole, kisha akamtambua mchuchumaaji kwa kifundo chake.

Haya, wasikilizaji, msimpe Zaituni kwa kuwa ni binti wa kwetu, wala msimnyime kwa kuogopa kuambiwa mnapendelea. Kiti ndicho hicho, kitupu, na watatu wamesimama. Je, akae nani?