Mshika Nyuzi wa Bi Mwanatumu

Sogeeni karibu, jamani, ngano hii haifai kusikilizwa na mtu aliye peke yake.

Palikuwa na mfumaji, Bi Mwanatumu. Kijiji kizima kilihama kwa kuogopa zimwi. Yeye akabaki, kwani kitanda chake cha kufumia hakikubebeka. Basi kutanda nyuzi, yaani kuzinyoosha zikaze tayari kwa kufuma, ni kazi ya wawili, mmoja huku na mmoja kule. Ncha ya kule aliifunga mtini, lakini mti hausikii mkono wa mtu. Upande mmoja ukakaza, mwingine ukalegea, na kila nguo ikatoka imepinda.

Siku moja zimwi likatokea. "Nimekuja kukula!"

"Utanila baadaye. Kwanza nishikie nyuzi hizi."

Zimwi likavuta, nyuzi zikakatika pa! Akaziunga. Likaogopa kuvuta, zikalala chini. Bi Mwanatumu akacheka, mara ya kwanza tangu watu wahame. Mara ya tatu akaliambia, "Usikie mkono wangu. Nikivuta, nawe vuta vivyo hivyo."

Nyuzi zikanyooka, zote sawa.

Wakafuma hivyo mpaka nguo ikakaribia kwisha. Zimwi likasema, "Sikumbuki hata nilichojia. Funga ncha mtini, bibi, mimi niende zangu."

Likageuka. Bi Mwanatumu akazitazama nyumba tupu, kisha akaulegeza uzi mmoja kwa kidole chake mwenyewe, akaita:

"Wee! Huko kwako kumelegea tena!"

Zimwi likarudi mbio.

Nguo ile, jamani, haijaisha mpaka leo.