Kijidudu kwenye Bakuli la Kunawia

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba zao na kualikana pilau, na nyie acheni kuchokonoana mnisikilize, Bi Digidigi alimtoa mwanawe nje kwa mara ya kwanza. Wawili wa kabla yake walikufa kwa kuharisha. Huyu ndiye aliyebaki.

Desturi yao ilikuwa hivi: wageni wote hunawa kwenye bakuli moja, wakubwa kwanza, mwenyeji mwisho. Kisha mkubwa wao huchovya ukwato kwenye asali akamlambisha mtoto.

Mzee Fisi akafika akihema. "Natoka kwa Nyati. Maskini, anaharisha kama mfereji! Nimemfuta kwa mikono yangu hii." Akaitumbukiza bakulini bila kungoja wakubwa, chubwi!

Kifaru, mkubwa wao wote, akafuata. Wengine wakafuata. Mwisho Bi Digidigi akachovya kwato zake.

"Karibu, mama," ikasema sauti nyembamba majini.

Akaruka. "Nani?"

"Kijidudu. Usihangaike, huna macho ya kuniona. Jana nilikuwa kwa Nyati. Leo namtaka mwanao."

"Huthubutu! Kifaru yupo hapa!"

"Mwenye pembe lile?" Kijidudu akacheka, kikikiki! "Huyo ndiye anayenibeba."

Bi Digidigi akageuka. Kifaru alikuwa tayari na asali, na mtoto ametanua kinywa.

"Babu, ngoja! Ukwato wako una kitu! Kimetoka kwa Nyati!"

"Kitu gani?"

"Hakionekani."

Wageni wakaangua kicheko. "Uzazi umempanda kichwani!" akasema Fisi, akijipiga mapaja.

Kifaru akapumua, fuuu! "Unaniita mchafu mbele za watu? Si umeniona nikinawa?" Akasogeza ukwato.

Bi Digidigi akamnyakua mwanawe, akakimbilia chumbani, akapiga komeo, kacha!

"Basi nalamba mwenyewe!" akanguruma Kifaru. Akalamba asali yote, akaukomba ukwato, akahamia kwenye sinia la pilau.

Chumbani mtoto alilia. Mama akamkumbatia, akampelekea ncha ya ukwato wake anyonye anyamaze.

"Ndiyo, mama," ikasema ile sauti, safari hii toka kwenye ufa wa ukwato wake mwenyewe. "Mpe, mpe."

Kumbe na yeye alinawa kwenye bakuli lilelile!

Akamweka mtoto chini, alie anavyotaka. Akatwaa sabuni, akainamisha birika, akasugua mpaka kwenye nyufa, akamimina, akasugua tena.

"Mama, taratibu! Mama, nateleza! Mama—"

Povu likaenda na maji mferejini.

Kesho yake adhuhuri, Kifaru alikuwa chini, macho yamezama, ngozi imelegea kama gunia tupu. Tumboni, guruguru, guruguru! Wenzake Kijidudu walijigawa humo, mmoja akawa wawili, wawili wakawa wanne, mpaka hawahesabiki.

"Nimchome nani kwa pembe hili?" akanong'ona Kifaru.

Bi Digidigi akamnywesha uji wa chumvi kwa kata ndefu. Mtoto wake alimwacha mbali.

Basi nyie mnaochovya vidole pamoja bakulini: naweni kwa sabuni na maji ya kumiminwa, mkubwa wenu anune asinune.